Siku Mama Rajabu alipoingilia jazz ya piano na besi pale Kilosa

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi, na nyie mnaoingia humu kimyakimya kusoma bila kulogin, nawaona.

Leo naandika jambo nililoliona kwa macho yangu. Chumvi sijaongeza. Majina nimebadilisha kwa sababu wahusika bado tunapigiana simu, na mmoja wao ana mdomo kunizidi. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na pale nilipojiaibisha nimepaacha hivyohivyo.

Kwa wasionijua, kazi yangu ni kukodisha muziki. Spika, mixer, maiki, jenereta, na Noah yangu ya kubebea. Asili yangu Ruhembe, ila biashara iko Mikumi mjini.

Harusi, maulidi, mkutano wa injili, mahafali, zote nafunga mimi. Msimu wa miwa ndiyo kabisa, kule Kidodi sherehe haziishi, ukiondoa adha ya kukaa nyuma ya lori la miwa linalopanda mlima kwa kujifikiria.

Kwa hiyo muziki nilikuwa naujua. Au tuseme nilikuwa najiona naujua. Kwangu mimi muziki ulikuwa kitu cha kusukuma kifua. Kama vikombe havitikisiki mezani, basi bado hujafunga muziki.

Sasa twende.

Meneja wa lodge moja huku kwetu alinipigia, akasema Jumamosi jioni ana wageni wake, na kuna wanamuziki wawili wanakuja kutoka Morogoro kupiga jazz. Niende na sound.

Mimi kusikia jazz, akili yangu ikaenda kwenye zile bendi za dansi za wazee wetu. Magita matatu, tumba, tarumbeta, na mwimbaji mwenye suti inayombana. Nikapakia spika zote, hadi zile subwoofer za kutishia watu.

Nimefika, nakuta watu wawili tu.

Mmoja ni dada wa makamo hivi, kavaa gauni la kitenge na miwani, anashusha piano ya umeme. Huyu ndiye Eliza. Mwingine ni kijana mrefu mwembamba, kakumbatia mfuko mweusi unaomzidi kimo. Huyu ni Rajabu. Askari wa getini, kuuona ule mfuko unashushwa taratibu, alikuwa ameshavua kofia. Alidhani kuna marehemu.

Mfuko ukafunguliwa. Wakuu, humo ndani kulikuwa na kitu kama gitaa lililolelewa vizuri likanenepa. Mbao tupu, nyuzi nne nene, unasimama nalo wima umeliegemeza begani, unazidonoa nyuzi kwa vidole. Linaitwa double bass, ila wenyewe wanasema besi tu.

Mimi nina ugonjwa wa kuuliza. Nikauliza mpiga ngoma yuko wapi. Hayupo. Mwimbaji je? Hayupo. Nikauliza kama nifunge subwoofer moja au zote mbili. Eliza akasema hata moja hapana, anahitaji tu spika ndogo ya kutolea sauti ya piano yake, na besi watu wataisikia yenyewe.

Nikanuna. Mtu umebeba mzigo wote ule halafu unaambiwa uuache garini.

Ila walipoanza kupiga, kununa kukaniishia.

Sijui niwaelezeje. Mmewahi kuona watu wawili wanatwanga kinu kimoja? Mchi huu unapanda, ule unashuka, wala haigongani, na hakuna anayehesabu kwa sauti. Ndivyo ilivyokuwa. Piano inasema neno, besi inalijibu. Besi inatembea zake polepole, piano inaikimbilia mbele na kurudi. Nikajikuta nimekaa chini karibu yao, nimesahau hata kuangalia mixer.

Halafu katikati ya wimbo piano ikazima.

Besi inaendelea, piano kimya.  Kazi yangu hii wakuu, sauti ikipotea watu hawamtazami mpigaji, wanamtazama mwenye vyombo. Nikatambaa kwa magoti mpaka chini ya piano, nikachomoa waya, nikaurudisha. Spika ikatoa mlio PAA! Mzee mmoja wa kizungu akajimwagia kinywaji mapajani.

Eliza akainama, akaniambia kwa upole kabisa, "Kaka, haijaharibika. Nimenyamaza tu."

Nilirudi kwa magoti vilevile nilivyokwenda.

Baadaye, wakati tunakunja waya, akanielewesha. Katika muziki wao kila mmoja hufika zamu yake ya kupiga peke yake, na mwenzie humwachia uwanja. Zamu ikiisha watu wanapiga makofi, wanarudi wote wawili, wimbo unaendelea. Ndiyo maana wale wageni walikuwa wanapiga makofi katikati ya wimbo, nami nilidhani hawana adabu.

Haya, hapo mngesema uzi umeisha. Ndiyo kwanza unaanza.

Kesho yake asubuhi Rajabu alikuja kwangu. Nikamkaribisha chai na chapati. Akauliza kama Noah yangu inaweza kumpeleka yeye na besi lake hadi Kilosa Jumamosi inayofuata, kupitia kwao Masanze kumchukua mama yake. Nikamwambia inaweza, ila anieleze ni safari ya nini, maana mimi sipakii nisichokijua.

Akanieleza yote.

Yeye na Eliza wamepata mkataba wa mwaka mzima wa kupiga nje. Ulaya. Na ninaposema Ulaya namaanisha ile ya kupanda ndege, siyo kile kijiji chetu kinachoitwa Ulaya, njia ya Kilosa, msije mkaanza. Hati za kusafiria zipo, kila kitu kipo. Kilichokosekana ni kimoja: radhi ya mama.

Mama yake amekataa. Hajasema kwa ukali, hajamfukuza. Amesema tu kwamba akienda, aende, ila yeye hajaridhia.

Sasa nyie wa mjini mtasema mtu mzima anaomba ruhusa ya nini. Sisi huku tunajua. Unaweza kuondoka bila nauli ukafika. Bila radhi ya mama hata ukifika hujafika. Rajabu alisema wazi kwamba kama mama haridhii, hapandi ndege, na mwenzie itabidi atafute mpiga besi mwingine. Alisema hivyo huku anakata chapati vipande vidogovidogo bila kuila.

Nikauliza kisa.

Baba yake alikuwa mpiga tumba wa bendi ya dansi. Rajabu alikuwa bado mdogo sana. Bendi ikasafiri mikoani, baba akaugua njiani, wenzake wakamlaza gesti, wakamwambia wanatangulia mji unaofuata watamfuata kumchukua. Hawakurudi. Alifia palepale gesti, na aliyemletea mama taarifa ni mhudumu wa ile gesti, mtu asiyemjua kabisa. Wale wa bendi walikuja kwenye arobaini na kanda ya nyimbo zao.

Tangu siku hiyo Mama Rajabu ana neno moja kuhusu wanamuziki: ni watu wa kuacha watu.

Na sasa mtoto wake anataka kwenda mbali kuliko baba yake alivyokwenda, tena na mtu mmoja tu.

Halafu mtu mwenyewe ni Eliza. Mwanamke, wa kanisani, wa kule milimani. Mama alishajijibu kwamba huyo binti ndiye aliyemrubuni mwanae. Na nyie mnaotaka kuniuliza kama ni wapenzi, nimeshawaulizia: hapana. Eliza ana mume wake mwalimu pale Morogoro na watoto, na mume ndiye aliyemsukuma akubali ule mkataba. Nilimwona hata huyo mume, alikuja Kilosa siku ya tukio, mtu wa watu.

Wazo la Kilosa lilikuwa la Eliza. Yeye piano alijifunzia pale, kwenye ukumbi wa zamani wa misheni, alipokuwa binti wa kwaya. Piano yenyewe bado ipo, ile ya mbao, ya kweli. Akasema badala ya mama kusimuliwa na majirani kwamba mwanae anapiga mabaa, aje akae asikie kwa masikio yake. Ukumbini, siyo kanisani, mchana kweupe, asipate kisingizio.

Nikasema mafuta yenu, gari langu, ila na mimi nakaa mbele. Hiyo haikuwa biashara tena. Nilitaka kujua mwisho.

Jumamosi ikafika. Eliza alishatangulia Kilosa kuitengeneza ile piano. Besi tukalilaza ndani ya Noah, shingo yake ikapita katikati ya viti ikaja kupumzika kati yangu na Rajabu, kama abiria wa tatu anayechungulia barabara. Kila tulipopunguza mwendo watu walichungulia dirishani, mmoja akatupa pole.

Masanze tulimkuta Mama Rajabu uani anapukuchua mahindi. Mama mwembamba, mrefu kama mwanae, khanga zake safi. Alikuwepo na Mjomba Athumani, kaka yake. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno kwenye mambo ya mtoto wa dada yake, wengi mnajua. Lakini huyu mzee alikuwa ameshasema kwamba jambo hili limemuumiza dada yake kuliko yeye, kwa hiyo atafuata neno la dada.

Nikaamkia, shikamoo mama, shikamoo mjomba. Marahaba. Tukapakiana.

Njia nzima Rajabu alikaa nyuma na mjomba. Mama nilimweka mbele, shingo ya besi ikawa kati yetu. Aliitazama muda mrefu bila kuigusa. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, mwanae asisikie:

"Baba, wewe umewaona hao wawili. Mwanangu akiugua huko, huyo binti atabaki naye, au ataendelea na safari?"

 Nikamwambia sijui mama. Akasema ahsante kwa kutonidanganya. 

Ukumbini watu walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Alasiri imeshaswaliwa, jua limepoa. Kina mama wa kwaya wamekaa pamoja, wazee kadhaa, vijana wa bodaboda wameegemea madirisha. Vijana walikuja wakijua kuna disko. Walipoona piano kuukuu na lile besi, mmoja akauliza kwa sauti DJ anafika saa ngapi. Wakacheka, ila hawakuondoka, maana hata wao walitaka kuona lile dude linatoa sauti gani.

Piano ilikuwa na vitufe vilivyokufa. Panya na unyevu vimefanya kazi yao kwa miaka. Eliza alishakaza nyuzi alizoweza kukaza, vilivyokufa akavifahamu, akapanga nyimbo za kuvikwepa. Nikaenda kuviangalia. Vilikuwa vimewekewa alama ya chaki.

Eliza akamfuata Mama Rajabu, akapiga goti, akamwamkia. Mama akaitikia marahaba huku anaangalia ukutani. Ile marahaba ilikuwa baridi kiasi kwamba mjomba alikohoa.

Wakaanza.

Wimbo wa kwanza watu walikaa kama wako kwenye semina. Wa pili vichwa vikaanza kutikisika. Wale kina mama wa kwaya ni watu wa sauti, walishaanza kunong'onezana kwamba lile dude ndilo linaloimba sauti ya nne, ile nzito ya chini kwenye kwaya. Mama Rajabu mstari wa mbele, mikono mapajani, macho kwa mwanae tu. Uso haufunguki.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa Rajabu mwenyewe, ameutunga. Wa taratibu, una huzuni kidogo ila haulalamiki. Walikwenda wote wawili vizuri, wakafika katikati, na Eliza akainua mikono kwenye piano, akaiweka mapajani.

Mimi nikajua. Zamu ya besi. Nikamgeukia jirani yangu kwa kiburi cha mtu aliyejua juzijuzi, nikamwambia ni kawaida, anamwachia uwanja.

Lakini nani alikuwa amemwambia Mama Rajabu?

Hapa niweke jambo moja kwa wasiojua mila zetu. Kwetu wimbo haubebwi na mtu mmoja. Iwe shambani, iwe kwenye ngoma, iwe msibani, mmoja anaanzisha na wengine wanapokea. Ukianzisha ukaachwa bila kupokelewa, hiyo ni aibu, na aibu siyo yako, ni ya ndugu zako waliokuwepo wakakaa kimya. Na mwenzio akinyamaza katikati ya wimbo, hajapumzika. Amekususa.

Mama akamtazama Eliza, mikono mapajani. Akamtazama mwanae, kafumba macho, yuko peke yake mbele ya watu wote wale na lile besi. Akamtazama tena Eliza.

Akasimama.

Akapokea. Rajabu alipomaliza kifungu na kuvuta pumzi, mama yake akaitikia, sauti ya chini, nzito, ile ya shambani, "Eeee hee." Rajabu akafumbua macho, kidole kikateleza. Akapiga kifungu kingine. Mama akaitikia tena, na safari hii kina mama wa kwaya wakaingia naye, si unajua watu wale hawawezi kusikia kiitikio wakakaa. Halafu wazee. Halafu hata bodaboda dirishani.

Wakuu, nywele zilinisimama. Rajabu akaanza kuwaachia nafasi makusudi, anauliza kwa nyuzi, ukumbi unajibu. Mama akaja hadi mbele, akasimama ubavuni kwa mwanae, mgongo akampa Eliza, uso kwa watu. Pale Eliza alipotakiwa kurudi, hakurudi. Alikaa vilevile. Wimbo ukaishia mikononi mwa Rajabu na mama yake na ukumbi mzima.

Vigelegele. Nilikuwa napiga makofi kama mwehu. Nikasema moyoni, radhi imepatikana, twendeni tukale.

Nilikuwa nimekosea vibaya.

Mama akageuka kumwelekea Eliza. 

"Umemwacha," akasema. "Umemwacha mwanangu mbele za watu."

Eliza akasimama. "Sikumwacha, mama. Nilimpa nafasi."

"Na baba yake walimpa nafasi."

 Rajabu akataka kusema, mjomba akanyoosha mkono kumzuia. Mimi, kwa kiherehere changu, nikajitosa kueleza kwamba mama, kwenye jazz kuna zamu, hata wazungu kule Mikumi... Mama akaniambia, "Wewe mwenye gari, kaa." Nikakaa.

Nilimwangalia Rajabu. Ameshika shingo ya besi kwa mikono yote miwili, na usoni unaona kabisa mtu ambaye safari yake imekufa. Niliona uchungu sana. Kitu kilichokuwa cha kumsaidia ndicho kilichomthibitishia mama yake hofu yake.

Na Eliza hakubishana. Nampa heshima hadi leo. Angeweza kueleza, ana elimu, ana maneno. Alisogea tu pembeni kwenye lile benchi lake la piano, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mama," akasema, "njoo ukae hapa na mimi. Tutaupiga tena. Safari hii usimwangalie Rajabu. Niangalie mimi."

Mama akamtazama kaka yake. Mjomba akaitikia kwa kichwa. Akaenda, akakusanya khanga zake, akakaa. Benchi fupi, mabega yao yakagusana.

Mimi sikuweza kukaa mbali. Nilisogea taratibu hadi ubavuni kwa piano, nikajifanya nashikilia kifuniko.

Wakaanza upya. Wakafika palepale. Eliza akatoa mikono, akaiweka mapajani.

Na hapo ndipo nilipoona, maana nilikuwa karibu, kitu ambacho ukiwa kwenye viti huwezi kukiona.

Hakuwa amepumzika hata kidogo. Vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya kitenge chake, vinabonyeza piano ambayo haipo, wimbo mzima, kifungu kwa kifungu. Mguu unahesabu ndani ya kiatu. Macho hayatoki kwenye mkono wa Rajabu. Na midomo inatembea, anaimba kwa sauti ndogo sana, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Rajabu akipanda juu kwenye nyuzi, Eliza anazuia pumzi. Akishuka salama, anaiachia.

Mama Rajabu alikuwa ameviangalia vile vidole. Kisha akaweka kiganja chake juu yavyo, taratibu, kama mtu anayepima homa. Vidole havikuacha.

Mara Rajabu akapotea.

Nadhani ni hofu. Alipanda mahali akakosa njia ya kurudi, akawa anazungukazunguka kwenye sauti mbili. Ukumbini hakuna aliyegundua. Eliza akainua ile sauti yake ndogo kidogo tu, kifungu kimoja cha wimbo, kiasi cha kumfikia Rajabu na sisi wawili tuliokuwa pale. Rajabu akakisikia. Akakishika, akatoka nacho, akaendelea.

Niliona mgongo wa Mama Rajabu ukilegea. Miaka yote ile alikuwa ameukaza.

"Kumbe upo," akasema.

Eliza hakujibu kwa mdomo, maana zamu yake ilikuwa imefika. Mama akauondoa mkono wake, na piano ikaingia.

Sikumbuki vizuri walivyomaliza. Nilikuwa nalia wakuu, mniache. Jitu zima la kubeba subwoofer.

Watu walipoanza kutawanyika mama akamwita Rajabu pale pale kwenye benchi. Rajabu akapiga magoti. Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili, akamwambia, "Nimekuridhia mwanangu. Nimekuridhia kwa moyo wangu wote. Nenda." Mjomba akasoma dua, Eliza na mumewe wakainamisha vichwa na wao, na wote tukasema amina, kila mtu kwa dini yake.

Kisha mama akamgeukia Eliza. Sikutegemea angeomba radhi, na hakuomba, ni mtu mzima. Alimwambia kwamba kunyamaza kwa namna ile alikuwa hakujui, na kwamba baba yake Rajabu angempata mtu wa kunyamaza hivyo, angerudi nyumbani. Eliza akalia. Ikawa zamu ya mama kumshika bega.

Njiani kurudi Masanze mama alikaa mbele tena. Safari hii ile shingo ya besi aliishika kwa mkono kila tulipopita kwenye mashimo, isigongwe.

Nilichojifunza mimi, na siwalazimishi. Sisi tunajua kumpokea mtu kwa sauti, na ni jambo jema, mama yule asingesimama ningemshangaa. Lakini wapo wanaotubeba kimya, nasi tunawahesabu kama walioondoka kwa sababu tumekaa upande wa kusikia tu. Kabla hujasema fulani ameniacha, zunguka ukakae upande wake, uangalie mikono yake inafanya nini.

Sasa nawaachia nyie uwanja. Wa Kilosa, wa milimani na wa mabondeni, kwenu mtu akiachwa peke yake na wimbo mnafanyaje? Na wapiga vyombo mliomo humu, hebu tuambieni, mwenzako akiwa kwenye zamu yake wewe kichwani unafanya nini? Mimi bado nina maswali mengi kuliko majibu, na kesho nina harusi Kidodi, kwa hiyo nitasoma nikiwa nyuma ya lori la miwa.

NYONGEZA: Naona wengi mnauliza kama walisafiri kweli. Walisafiri, wako huko mpaka sasa. Juzi nilipita Masanze kumsalimia mama, nikamkuta anapiga simu ya video. Nikajua anaongea na Rajabu. Kumbe hapana, mjomba akaniambia siku hizi anaanza kwanza na Eliza, kila Ijumaa, na simu yenyewe haichukui muda. Nikasogea kusikiliza, mnajua ugonjwa wangu.

Mama aliuliza neno moja tu, "Upo?"

Na kule mbali, nyuma yake likisikika besi linapigwa, Eliza akajibu, "Nipo, mama."